Rimu ya Baiskeli ya Mbio Ikipasuka: Kusuka Upya, Kununua Gurudumu Zima, au Kuchukua Jozi Mpya?

Ufa wa kwanza niliouona kwenye rimu yangu ulikuwa mwembamba kama unywele. Ulianzia kwenye tundu la nipeli, yaani nati ndogo inayoikazia spoki kwenye rimu, upande wa cheni wa gurudumu la nyuma, ukaelekea kwenye tundu la jirani. Kabla ya hapo nilikuwa nimelinyoosha gurudumu hilo mara tatu katika muda usiozidi mwezi mmoja, na kila mara nilikuta spoki ileile imelegea, nami nikaikaza na kuendelea na safari bila kujiuliza kwa nini spoki moja iwe na ukaidi kiasi hicho. Kumbe spoki haikuwa na kosa. Rimu ndiyo iliyokuwa ikichanika kidogo kidogo na kuifuata nipeli kuelekea kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kila nilipoikaza nilikuwa nikiulisha ufa.

Rimu ya alumini iliyopasuka haitengenezwi. Aloi zinazotumika kwenye rimu hupata ugumu wake kiwandani kwa kupashwa joto na kupozwa kwa utaratibu maalumu, na moto wa kuchomelea huuondoa ugumu huo kandokando ya kiungo, hivyo fundi akiziba ufa mmoja anakuwa ameandaa mahali pa ufa mwingine. Gundi haifai kabisa. Kwa upande wa kaboni, ni kweli kwamba fremu nyingi zilizopasuka huzibwa na mafundi wenye ujuzi zikarudi barabarani, lakini rimu hubeba kwa wakati mmoja mvuto wa spoki, msukumo wa upepo wa tairi na, kwenye baiskeli zenye breki za rimu, joto la breki. Mimi nisingeikalia rimu ya namna hiyo hata kama kiraka chake kingeng'aa kuliko rimu yenyewe. Kwa hiyo swali linalobaki ni kiasi gani kibadilishwe: rimu peke yake, gurudumu zima, au magurudumu yote mawili. Wengi huanza kulijibu swali hilo kwa kutazama rimu zinazouzwa. Mimi nadhani jibu huanzia kwenye habu, na sehemu kubwa ya ulinganisho huu itaeleza kwa nini.

Mahali pa ufa na maana yake

Kabla ya kulinganisha vya kununua, inafaa kuusoma ufa wenyewe, kwa sababu mahali ulipo huonyesha kilichoiua rimu, na kilichoiua rimu ya kwanza kitaiua na ya pili kisiposhughulikiwa. Safisha rimu kwa kitambaa chenye spiriti, shika tochi, kisha pitia tundu moja baada ya jingine. Ukimaliza upande wa nje, vua tairi na utepe uangalie sakafu ya ndani pia, kwani wakati mwingine ufa huanzia huko.

Ufa unaozunguka tundu la spoki, au unaotoka hapo kama miale, ni ufa wa uchovu wa metali. Alumini, tofauti na chuma, haina kiwango cha mzigo ambacho chini yake itadumu milele. Kila mzunguko wa gurudumu huipunguzia na kuirudishia mvuto kila spoki, na baada ya mamilioni ya mizunguko metali huchoka pale penye mvuto mkubwa zaidi. Pahala hapo huwa mara nyingi ni upande wa cheni wa gurudumu la nyuma, kwa sababu kaseti, yaani rundo la meno ya gia, huchukua nafasi na kuzilazimu spoki za upande huo zisimame wima zaidi, hivyo zikazwe zaidi, huku mkazo wa upande wa pili ukiweza kuwa karibu nusu tu ya huo. Rimu nyingi za alumini hutaka mkazo wa kama nyutoni 1,000 hadi 1,200 upande wa cheni. Aliyekaza kwa kukisia na kuvuka kiwango hicho amefupisha maisha ya rimu tangu siku ya kwanza. Ukiona nyufa za namna hii kwenye matundu kadhaa ya upande mmoja, usilaumu shimo ulilopita wiki iliyopita.

Ufa unaokwenda sambamba na tairi kwenye ukuta wa rimu ni habari tofauti na ya hatari zaidi. Kwa anayetumia breki za rimu, kila anapofunga breki vipande vya mpira na mchanga huula ukuta huo, hadi unakuwa mwembamba mno kuuhimili upepo wa tairi unaousukuma kwa nje. Dalili yake ni breki kushtuka mahali palepale kila gurudumu linapozunguka, kwa kuwa ukuta umeanza kufura. Rimu nyingi huwa na mfereji mwembamba au vitobo vidogo vya kuonyesha uchakavu. Vikitoweka, muda wake umekwisha, na mafundi wengi huistaafisha rimu ukuta wake unapokaribia unene wa milimita 1. Ukiukuta ufa wa ukutani ukiwa njiani, shuka na utoe upepo polepole. Gurudumu lenye ufa kwenye tundu la spoki huweza kukokotwa hadi nyumbani bila kishindo, lakini ukuta ukifunguka tairi hutoka kwa mpasuko wa ghafla, na ikiwa ni gurudumu la mbele hupati nafasi ya kurekebisha chochote.

Kuna pia ufa wa pigo, ambao huandamana na mbonyeo unaoonekana kwa macho. Huu husababishwa na shimo au jiwe, mara nyingi kwa tairi jembamba au lenye upepo mdogo, na hausemi lolote baya kuhusu habu wala spoki za upande mwingine. Kwenye kaboni pigo huweza kujificha. Gonga rimu kwa sarafu kuizunguka yote, na pale mlio wa kavu unapogeuka kuwa mzito kama wa kadibodi, tabaka za nyuzi huenda zimeachana. Ufa kwenye kiungo cha rimu, yaani pale ncha mbili za duara zinapokutana, ni nadra. Hata hivyo usiuchanganye na mstari wa kiungo wenyewe, ambao kwenye rimu zilizounganishwa kwa pini huonekana kama ufa tangu dukani.

Kusuka rimu mpya kwenye habu ya zamani

Njia hii ndiyo ya asili na, kwa habu nzuri, bado ndiyo niipendayo. Habu yenye beringi za golori inayofunguliwa na kupakwa grisi huishi kuliko rimu mbili au tatu, kwani rimu, hasa ya breki za rimu, ni kitu cha kuliwa kama lilivyo tairi, ila huliwa polepole. Kuitupa habu kama hiyo kwa sababu duara lililoizunguka limepasuka ni kutupa kilicho bora pamoja na kilichochakaa.

Hata hivyo njia hii ina masharti matatu. La kwanza ni idadi ya matundu: habu ya spoki 28 hutaka rimu ya matundu 28, na ujanja wa kuruka matundu ni wa kumfikisha mtu nyumbani tu. La pili ni kipimo cha kusukia, ambacho kwenye maelezo ya rimu huandikwa kwa herufi ERD, nacho ni kipenyo cha duara linalopita pale ncha za spoki zinapokomea ndani ya nipeli. Rimu mbili zinaweza kuwa zote za 700C, yaani zenye kipenyo cha milimita 622 mahali tairi linapokaa, lakini zikatofautiana ERD kwa milimita 40 kwa sababu moja ni fupi na nyingine ina kina kirefu. Tofauti ya milimita 2 za ERD huhitaji badiliko la milimita 1 tu la urefu wa spoki, jambo ambalo nipeli huweza kulimeza. Ikizidi hapo sana, spoki za zamani ama zitatokeza juu ya nipeli na kutishia tyubu, ama zitashika nyuzi chache mno.

ERD zikilingana, kazi inakuwa rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Rimu mpya hufungwa kwa utepe ubavuni mwa ile ya zamani, matundu ya vali yakiwa sambamba na matundu ya kushoto na ya kulia yakifuatana vilevile, kisha spoki zote hulegezwa na kuhamishwa moja baada ya nyingine bila kuvuruga usukaji. Nipeli ziwe mpya daima, kwani bei yake ni ndogo na nyuzi za zile kuukuu hazina uhakika.

Je, spoki za zamani zitumike tena? Mafundi hawakubaliani, na wenye duka wana sababu yao ya kusema hapana. Msimamo wangu ni kwamba spoki ambazo hazijakatika hata moja, hazina kutu wala michubuko ya cheni, na viwiko vyake vimekwisha kukaa sawasawa kwenye habu, zinastahili maisha ya pili. Lakini kama katika mwaka uliopita spoki mbili au tatu zilikatika kiwikoni, basi nyingine zote zina umri uleule na uchovu uleule, na kuziokoa ni kujipangia kazi. Kama ni lazima ununue mpya, chukua zile zilizopunguzwa unene katikati, kwa mfano milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati, kwani hunyumbuka kidogo zaidi na kuupunguzia mshtuko ukingo wa tundu, yaani palepale nyufa zinapozaliwa.

Sharti la tatu ni afya ya habu, na hili ndilo watu hulipita haraka. Toa ekseli, tazama njia za golori: zikiwa na vishimo, habu itaendelea kusaga hata ukiipa grisi ya dhahabu. Tazama pia masikio ya habu kandokando ya matundu ya spoki, kwani nayo hupasuka, hasa kwenye habu iliyosukwa kwa spoki zilizonyooka moja kwa moja kutoka katikati bila kupishana ilhali haikutengenezwa kwa usukaji huo. Rimu mpya kwenye habu yenye sikio lililopasuka ni gharama mara mbili.

Kuna kundi moja la magurudumu ambalo karibu huifunga kabisa njia hii: yale yanayouzwa na kiwanda yakiwa mfumo mmoja, yenye spoki za umbo la pekee, nipeli zilizojificha, na hesabu zisizo za kawaida kama spoki 21 zilizogawanywa 14 upande wa cheni na 7 upande wa pili. Rimu yake hutoka kwa kiwanda hichohicho tu, na kiwanda kikishabadilisha toleo, rimu ya toleo la nyuma hugeuka kuwa kitu cha kutafutwa kwa bahati. Mwenye gurudumu la aina hiyo aulize kwanza kama rimu ipo, kabla hajamlipa fundi hata senti ya kulifungua. Na kama dhamana bado inaishi, asilifungue kabisa. Apige picha za ufa, wa ndani na wa nje, na kuulizia pia kama kiwanda hutoa punguzo la kubadilisha gurudumu lililoharibika kwa ajali, kwani baadhi yao hutoa.

Gurudumu lililo tayari

Faida ya gurudumu lililosukwa tayari ni kwamba linapatikana leo, halidai fundi mwenye mkono wa kusuka, na habu, beringi, spoki na rimu vyote huanza maisha pamoja. Kwa baiskeli ya kiwango cha kuanzia, ambayo habu yake ilikuwa ya bei nafuu tangu mwanzo, sioni sababu ya kubishana: gharama ya rimu, spoki na ufundi kwa pamoja huweza kukaribia au kupita bei ya gurudumu zima la daraja hilohilo. Kipimo ninachotumia mimi ni robo tatu. Hesabu ya kusuka ikivuka robo tatu ya bei ya gurudumu jipya lenye habu isiyopungua ubora wa ile niliyonayo, nanunua jipya. Ikiwa chini, nasuka.

Maneno "isiyopungua ubora" ndiyo mtego wenyewe. Gurudumu la rafuni dukani huvutia kwa rimu yake, kwa kuwa rimu ndiyo inayoonekana, ilhali akiba ya mtengenezaji imefichwa kwenye habu na kwenye muda wa kusuka. Magurudumu yaliyosukwa kwa mashine mara nyingi hutoka yamenyooka lakini mikazo yake haifanani, na spoki nyingine zimejisokota, hivyo kwenye safari ya kwanza husikika zikilia zinapojifungua. Hilo si kosa la kulirudishia dukani; ni kazi ya nusu saa kwa fundi mwenye kipimo cha mkazo, nayo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Njia hii pia huleta maswali ya kulingana ambayo anayesuka rimu kwenye habu yake hana haja ya kuyajibu. Ekseli ya nyuma ya baiskeli za mbio zenye breki za rimu kwa kawaida hukaa kwenye nafasi ya milimita 130, na zile za zamani zaidi 126. Zenye diski za kisasa hutumia ekseli nene ya milimita 12 kwenye nafasi ya 142, na diski za awali zilitumia 135. Diski yenyewe hufungwa ama kwa skrubu 6 ama kwa meno ya katikati. Kisha kuna sehemu inayobeba kaseti: ile ya kampuni ya Shimano ya gia 11 za barabarani ni ndefu kwa milimita 1.85 kuliko ya gia 8 hadi 10, hivyo kaseti ya gia 10 hukaa kwenye sehemu mpya kwa kuongezewa pete ya unene huo, lakini kaseti nyingi za barabarani za gia 11 hazikai kwenye sehemu ya zamani. Kaseti za Shimano za gia 12 za barabarani zinakubali sehemu ya gia 11, ilhali za kampuni ya SRAM za gia 12 zilizo nyingi hutaka sehemu ya umbo jingine liitwalo XDR, na kampuni ya Campagnolo ina umbo lake. Kosea kimoja tu kati ya hivyo na gurudumu zuri litabaki limetundikwa ukutani.

Jozi mpya

Hakuna sheria inayodai magurudumu ya mbele na ya nyuma yafanane. Gurudumu la nyuma hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mpandaji na nguvu yote ya kukanyaga, kwa hiyo si ajabu rimu mbili za nyuma zife wakati ya mbele ingali inadunda. Kununua jozi kwa sababu ya sura tu ni haki ya mwenye fedha, lakini isiitwe lazima.

Jozi huwa na hoja katika hali mbili. Ya kwanza ni pale rimu ya mbele nayo imekaribia alama ya uchakavu. Hapo kununua mara mbili ndani ya miezi michache hakuna maana. Ya pili ni kuhama kutoka alumini kwenda kaboni kwenye baiskeli yenye breki za rimu, kwa sababu rimu za kaboni hudai mipira ya breki ya aina yake, na mipira iliyotumika kwenye alumini hubeba chembe za metali zinazoikwaruza kaboni. Kuchanganya rimu mbili hizo kwenye baiskeli moja kunawezekana, ila kila breki iwe na mpira wake na mpandaji akumbuke kwamba breki mbili hazitashika sawa, hasa mvua ikinyesha.

Kuhusu jozi zilizotumika nitasema machache. Rimu haina kitabu cha historia, na muuzaji mwaminifu kabisa anaweza asijue aliyemtangulia alilikaza namna gani. Kwa alumini yenye breki za rimu, pima unene wa ukuta. Kwa kaboni, kama huwezi kuishika na kuigonga mwenyewe, iache.

Alumini au kaboni

Mwaka 1934 Antonin Magne alishinda Tour de France, na inasimuliwa kwamba aliendesha rimu za alumini za Mavic zilizopakwa rangi ya mbao ili wapinzani wasizitambue. Siku hizo mbao ndiyo iliyokuwa kawaida na alumini ilikuwa siri ya tajiri. Leo alumini ndiyo kawaida, na nafasi ya siri imechukuliwa na kaboni, ingawa si siri tena.

Kwa anayebadilisha rimu iliyopasuka, tofauti iliyo na maana zaidi ni namna ya kushindwa, kabla ya uzito. Alumini hubonyea, hupinda, huonyesha ufa, na mara nyingi hukupa wiki kadhaa za kuigundua. Kaboni huhimili mapigo mengi bila alama yoyote, lakini ikishindwa hushindwa kwa ghafla zaidi. Kwenye breki za rimu, mteremko mrefu huipasha joto kaboni kiasi cha kuweza kulainisha resini inayoshika nyuzi zake, ilhali alumini hulitawanya joto hilo bila shida na hushika vizuri zaidi kwenye maji. Kwa sababu hiyo, mwenye breki za rimu anayeishi penye milima au mvua nyingi ningemshauri abaki na alumini bila kusita. Kwenye diski hoja hizo mbili huanguka, na kaboni hubaki na ubora wake halisi: inaruhusu kina cha milimita 40 au 50 kinachopasua upepo bila kuongeza uzito ambao alumini ya kina hicho ingeuleta. Rimu ya alumini ya kina kifupi huwa na uzito wa kama gramu 400 hadi 500, na rimu nyingi za kaboni za kina kirefu huangukia humohumo. Wa kasi kubwa kwenye tambarare atauona utofauti. Wa mwendo wa kawaida ataona zaidi jinsi upepo wa ubavuni unavyomsukuma usukani.

Jambo moja dogo: kwenye rimu ya kaboni tumia nipeli za shaba nyeupe badala ya za alumini, kwani alumini ikigusana na kaboni penye unyevu huliwa na kutu yake hadi kichwa kinabaki kwenye rimu peke yake.

Upana, kulabu na idadi ya spoki

Rimu za zamani zilikuwa na upana wa ndani wa milimita 13 hadi 15, zikivishwa matairi ya upana wa milimita 23. Leo 19 na 21 ni kawaida, na zipo za 23 na 25. Tairi la 25 kwenye rimu pana huvimba na kupima zaidi ya namba yake, hivyo kabla ya kuchagua upana, pima nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na breki. Mwenye fremu ya zamani asiyeweza kupitisha zaidi ya tairi la 25 hana la kufanya na rimu ya 23. Kwake 17 au 19 inatosha. Upana wa nje nao una neno kwa mwenye breki za rimu: rimu mpya ikiwa pana kuliko ya gurudumu la akiba, waya wa breki utarekebishwa kila anapobadilisha.

Rimu zisizo na kulabu, yaani mkunjo wa ndani wa ukingo unaolishika tairi, ni suala ambalo ningelichukulia kwa uzito kuliko upana. Kwenye rimu hizo upepo haupaswi kuzidi baa 5, yaani psi 72.5, na tairi lazima liwe limeidhinishwa na mtengenezaji wake kwa ajili hiyo. Mpandaji mzito aliyezoea kujaza baa 7 kwenye tairi la 25 ataivuka mipaka hiyo siku ya kwanza kwa mazoea tu. Kulabu hazina hasara yoyote ambayo mpandaji wa kawaida ataihisi, kwa hiyo zikiwepo za kuchagua, mimi nachagua zenye kulabu.

Kuhusu spoki, anayesuka rimu kwenye habu yake hana uchaguzi. Anayenunua gurudumu zima anao, na kama rimu yake ya kwanza ilikufa kwa nyufa za matundu, basi ajibu hilo kwa kuongeza spoki. Mzigo uleule ukigawanywa kwa spoki 28 au 32 badala ya 20, kila tundu hubeba kama asilimia 71 au 63 tu ya ule wa awali. Isitoshe, spoki moja ikikatika kwenye gurudumu la 20, rimu huenda upande hadi ikasugua fremu. Kwenye la 32 mara nyingi unalegeza breki na kufika nyumbani. Rimu zenye matundu yaliyosogezwa upande mmoja nazo zina thamani kwa gurudumu la nyuma, kwani hupunguza pengo la mkazo kati ya upande wa cheni na upande wa pili, ambalo ndilo lililoichana yangu.

Nilichokichagua na nilivyokifunga

Habu yangu ilikuwa na spoki 28, golori zake zikiteleza kama mpya, na hakuna spoki iliyokuwa imekatika. Rimu ya aina ileile haikuwa ikitengenezwa tena, lakini niliipata nyingine ya alumini, yenye kulabu, upana wa ndani wa milimita 19, matundu yaliyosogezwa upande, na ERD iliyopishana na ya kwanza kwa milimita 1. Nilihamisha spoki zilezile, nikaweka nipeli mpya za shaba zilizotiwa tone la mafuta kwenye nyuzi na kwenye kiti chake, kisha nikampelekea fundi mwenye kipimo cha mkazo amalizie, kwa sababu mkazo wa kukisia ndio niliokuwa nautuhumu tangu mwanzo. Alipofika kwenye kiwango, alizibana spoki mbili mbili kwa mkono kulizunguka gurudumu zima ili zikae, akanyoosha tena, na baada ya kilomita 200 nililirudisha akalipima upya. Spoki nne zilihitaji robo ya mzunguko.

Rimu ya zamani niliikata kwa msumeno vipande viwili kabla ya kuitoa nje, kwa kuwa ufa wake haukuonekana kwa aliyesimama hatua mbili mbali, na rimu inayoonekana nzima haikosi wa kuiokota.